Tumbo Lisilotoa Maji

Kati ya mwaka 1934 na 1938, wanaanthropolojia wawili, mume na mke, Godfrey na Monica Wilson, waliishi Rungwe wakiandika mambo ya Wanyakyusa. Undali, ambao leo umo katika Wilaya ya Ileje mkoani Songwe, ulikuwa bado chini ya Rungwe, na Wandali walihesabiwa ndugu wa karibu wa Wanyakyusa kwa lugha na kwa desturi. Katika mengi waliyoyaandika, limo moja linalomshtua daktari yeyote anayelisoma leo: kabla ya kuzika, watu wa huko wakati mwingine walimpasua marehemu tumbo ili waone ndani kuna nini.

Walichokuwa wakikitafuta ni chatu. Mlozi, kwa imani yao, alikuwa na chatu tumboni, na usiku alitoka naye kwenda kutafuna matumbo ya majirani waliolala. Walinzi wa kijiji, walioitwa abamanga, nao walikuwa na chatu wao, ila waliwatumia kuwaona walozi na kupambana nao ndotoni. Kwa hiyo uchawi ulikuwa na makazi mwilini, na makazi hayo yangeweza kuonwa mchana kweupe, mbele ya mashahidi. Monica Wilson aliyaeleza haya kwa kirefu katika kitabu chake Good Company, kilichotoka mwaka 1951. Alan Harwood, aliyeishi na Wasafwa wa upande wa Mbeya mwanzoni mwa miaka ya 1960, naye aliikuta kwao desturi ya kuchunguza maiti ili kujua kilichoua.

Anayecheka asubiri kwanza. Karibu karne nzima kabla ya akina Wilson kufika Rungwe, kisu na macho ndivyo vilivyokuwa vinajenga tiba ya Ulaya. Mjini Vienna, Karl von Rokitansky alipasua maiti wanaokadiriwa kufika 30,000 katika maisha yake ya kazi, na mwaka 1842 akaeleza kidole tumbo kilichovimba kwa kujaa ute badala ya usaha. Kisu kilifanya kazi ileile Vienna na Rungwe. Kilichozitenganisha ni daftari. Rokitansky aliandika alichokiona, wenzake wakakilinganisha na dalili za mgonjwa alipokuwa hai, na mtu wa kizazi kingine akaweza kukisoma na kukibishia. Rungwe, kilichoonekana kilimaliza shauri la ukoo mmoja kisha kikafukiwa pamoja na mwenyewe.

Itakuwa upuuzi kudai kuwa chatu wa Wanyakyusa alikuwa uvimbe wa kidole tumbo. Ugonjwa huo ni adimu mno kuzaa imani ya watu wengi hivyo. Ila ni ugonjwa ambao, kuliko mengine mengi, ulijulikana kwa kufungua tumbo tu, na historia yake katika nyanda hizi za kusini magharibi mwa Tanzania ni historia ya nani alifungua, alitafuta nini, na aliandika wapi.

Kidole tumbo ni kijibomba chembamba kinachoning'inia upande wa kulia chini, pale utumbo mwembamba unapoingia kwenye utumbo mpana. Utando wake wa ndani hutoa ute kidogo kidogo, nao humwagikia kwenye utumbo bila mtu kujua. Mara chache sana chembe za utando huo huota uvimbe unaotengeneza ute pasipo kikomo. Kijibomba huziba, hujaa, hunenepa mara kadhaa ya unene wake, na mwenye nacho anaweza asihisi lolote kwa miaka. Siku kinapotoboka, ute humwagika tumboni ukiwa umebeba chembe zilizouzaa, na hapo matata huanza.

Chembe hizi kwa kawaida hazina haraka ya kupenya nyama na kurukia ini au mapafu kama saratani nyingine. Zinaelea. Maji machache yaliyomo tumboni kwa asili huzunguka taratibu kuelekea mahali yanapofyonzwa, yaani chini ya kiwambo kinachotenga kifua na tumbo, na kwenye pazia la mafuta linalofunika matumbo. Chembe husafiri nayo na kutuama huko. Nyingine huzama kwenye nyonga. Utumbo mwembamba, kwa kuwa hautulii, mara nyingi husalimika hadi mwishoni. Huku nyuma ute unaendelea kutengenezwa. Suruali haifungi, gauni linabana, mwanamke aliyekoma hedhi anaulizwa mimba ni ya miezi mingapi. Miaka ikipita, utumbo hubanwa hadi chakula hakipiti, mirija ya mkojo hugandamizwa na figo kuvimba, na mgonjwa hukonda mikono na mashavu huku tumbo likizidi kupanda.

Daktari anayedhani ni maji huchoma sindano ili ayatoe. Maji hayatoki. Sindano inaziba, au ncha yake inarudi na kitu kizito kinachovutika kama ute wa bamia. Kwa kawaida katika hospitali za Tanzania tumbo lililojaa hutokana na ini lililoharibika, kifua kikuu cha tumbo, kichocho au saratani ya ovari, na yote hayo hutoa maji. Tumbo lisilotoa maji ni dalili ambayo mganga mkongwe wa wodini huikumbuka kwa sababu huiona mara moja au mbili maishani, na pengine bila kuipa jina.

Jina lilitoka Ujerumani mwaka 1884, pale Richard Werth, daktari wa magonjwa ya wanawake, alipouita ugonjwa huu pseudomyxoma peritonei. Mgonjwa wake alikuwa mwanamke mwenye uvimbe wa ovari, na kwa sababu hiyo ovari ikabebeshwa lawama. Mwaka 1901 Eugen Fränkel akaeleza hali hiyohiyo ikitokana na kidole tumbo. Mabishano ya ovari au kidole tumbo yaliendelea kwa karibu karne moja, na hata leo hayajasahaulika.

Wakati Fränkel anaandika, mahali panapoitwa leo Tunduma palikuwa ukingo wa himaya mbili. Mkataba wa 1890 kati ya Uingereza na Ujerumani ulikuwa umeweka mpaka kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, na mwaka 1898 tume ya pande mbili ikapita kuupima. Waingereza walikuwa na kituo chao Fife, kwenye barabara ya Stevenson, kusini kidogo ya mpaka. Upande wa Wajerumani, mwaka 1899, Traugott Bachmann wa Kanisa la Moravian alifungua misheni Mbozi, katikati ya Wanyiha.

Bachmann alikuwa mtu wa kuandika. Alitafsiri Agano Jipya kwa Kinyiha, likachapwa mwaka 1913, na kutoka vituo vya Wamoravian vya ukanda huu zimebaki habari za maisha zilizosimuliwa na watu wa kawaida, wakiwemo wanawake waliopita katika utumwa kama Narwimba na Chisi, ambazo mwanahistoria Marcia Wright alizifanyia kazi miongo kadhaa baadaye. Ni hazina, na mikoa mingi ya Tanzania haina kitu kama hicho. Kwa upande wa tiba, misheni za siku hizo zilianzia barazani: vidonda, kwinini, meno mabovu. Kufungua tumbo la mtu aliye hai kulihitaji dawa ya usingizi, maji yaliyochemshwa, taa, na mtu wa pili wa kushika vyombo. Hata Ulaya jambo lenyewe lilikuwa bado changa. Reginald Fitz wa Boston ndiye aliyeonyesha, mwaka 1886, kuwa maumivu makali ya upande wa kulia huanzia kwenye kidole tumbo na kwamba dawa yake ni kisu. Na mwaka 1902 Mfalme Edward VII aliahirisha kutawazwa kwake ili Frederick Treves amtoe usaha uliokusanyika hapo.

Kisha vita. Novemba 1918 Paul von Lettow-Vorbeck, akirudi kutoka Msumbiji, alipita pembezoni mwa eneo hili la mpakani na kuishambulia Fife, akaendelea hadi Kasama, na tarehe 25 ya mwezi huo akasalimisha silaha Abercorn, ambayo sasa ni Mbala. Nyuma yake na nyuma ya adui zake walikuwa wapagazi. Katika kampeni nzima ya Afrika Mashariki wapagazi wa upande wa Waingereza waliokufa walihesabiwa kwa makumi ya maelfu, wengi wao kwa kuhara damu, malaria na homa ya mapafu kuliko kwa risasi. Kwa hesabu za vita hivyo, ugonjwa wa tumbo ulimaanisha kuhara.

Hospitali zilikuja taratibu. Wamoravian wakawa na Mbozi na Isoko, huko Ileje. Serikali ikawa na Vwawa. Barabara kuu ya kwenda Zambia, bomba la mafuta la TAZAMA la mwaka 1968, kisha reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975 na kukabidhiwa 1976, vikaifanya Tunduma kuwa mji. Kwa miaka mingi mpasuaji wa hospitali za wilaya nchini hakuwa daktari bingwa hata kidogo. Alikuwa daktari msaidizi, kada ambayo Tanganyika ilianza kuifundisha mwaka 1963: tabibu mwenye uzoefu anarudishwa darasani kwa miaka miwili, anatoka akiwa na uwezo wa kufanya upasuaji wa uzazi, ngiri na kidole tumbo. Historia ya upasuaji vijijini Tanzania bila watu hawa haiandikiki, na mpaka sasa wameandikwa kidogo kuliko wanavyostahili.

Ngiri hasa. Kidole tumbo cha kwanza kinachojulikana kutolewa na daktari kilitolewa katika upasuaji wa ngiri: London, mwaka 1735, Claudius Amyand alimpasua mvulana wa miaka 11 na kukikuta kimeingia ndani ya mfuko wa ngiri kikiwa kimetobolewa na pini. Na ugonjwa wa ute una tabia ya kujionyesha kwa wanaume kupitia mlango huohuo. Shinikizo la tumbo husukuma ngiri mpya, mgonjwa hupelekwa mezani kwa jambo dogo, mpasuaji anafungua mfuko na badala ya utumbo anakuta ute. Wodi za wanaume za wilaya hufanya ngiri kuliko karibu upasuaji mwingine wowote. Asiyewahi kusoma habari ya ute huo ataupangusa, atashona, ataandika kwenye kitabu cha chumba cha upasuaji: ngiri.

Mtu aliyejaribu kuyakusanya maandishi ya vitabu hivyo alikuwa Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Mulago, Kampala, mwenye jicho moja. Oktoba 1961 yeye na wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, waliondoka Kampala na gari kuukuu na kusafiri wiki kumi, maili 10,000 hivi, wakapita Tanganyika na Nyasaland hadi Afrika Kusini, wakiingia hospitali baada ya hospitali na picha za watoto wenye uvimbe wa taya. Safari hiyo ilichora ramani ya saratani inayobeba jina lake. Baadaye akahamia swali jingine. Alianza kupeleka fomu kila mwezi kwa hospitali zipatazo 150 barani Afrika, nyingi za misheni, akiuliza: mmeona wagonjwa wangapi wa kidole tumbo?

Wachache, zilijibu hospitali. Wachache sana. Mwaka 1971 Burkitt alichapisha hoja yake kuwa kidole tumbo huugua kwa ukosefu wa makapi katika chakula. Aliyekula ugali wa dona, maharage na mboga alikuwa na kinga ambayo mla mkate mweupe hakuwa nayo. Hoja ilipendwa, ikauza vitabu, ikawafanya Waingereza wale pumba za ngano asubuhi. Kuhusu chakula huenda alikuwa na haki kwa sehemu. Lakini fomu zake zilihesabu waliofika hospitalini, wakakutana na mtu mwenye kisu, na wakaandikwa. Aliyefia njiani akibebwa kwa machela kutoka milima ya Undali hakuwa katika safu yoyote.

Hesabu hiyo ina uzito wa ajabu kwa ugonjwa wa ute. Vidole tumbo vyenye kuvimba kwa ute hukutwa katika visa kama viwili au vitatu tu kwa kila vidole 1,000 vinavyotolewa. Hospitali inayotoa vidole 20 kwa mwaka ingehitaji miongo kukutana na kimoja, na hata kikipatikana lazima kikatwe, kipakwe rangi na kutazamwa kwa hadubini ndipo kitambulike. Kwa muda mrefu maabara za kazi hiyo zilikuwa chache nchini, katika hospitali kubwa kama Muhimbili, KCMC na Bugando. Kutoka Tunduma hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 900. Kipande cha nyama kinasafiri ndani ya chupa ya fomalini, na chupa inahitaji mtu wa kuilipia.

Mwaka 1992 ulionyesha kuwa hata penye maabara bora ugonjwa wa namna hii hujificha. Septemba ya mwaka huo Audrey Hepburn, mwigizaji wa filamu aliyekuwa balozi wa UNICEF, alitembelea Kenya na Somalia wakati wa njaa kubwa. Alirudi nyumbani Uswisi akiumwa tumbo, na mtu atokaye Somalia akiumwa tumbo hufikiriwa kwanza kuwa amebeba vijidudu vya safari. Mapema Novemba madaktari wa Los Angeles walichungulia ndani na kukuta saratani iliyoanzia kwenye kidole tumbo na kusambaa. Alifariki tarehe 20 Januari 1993, akiwa na miaka 63. Pesa, majina na hospitali bora havikumsaidia kuutambua mapema, jambo ambalo tabibu wa Kamsamba au Mkwajuni, mkoani Songwe, anaweza kulikumbuka anapojilaumu.

Miaka hiyohiyo ya 1990 ndipo kesi ya Werth ilipofungwa. Wanapatholojia wa Marekani walilinganisha ovari na kidole tumbo cha mwanamke mmoja mmoja kwa rangi maalumu za maabara, wakaonyesha kuwa kwa wagonjwa walio wengi uvimbe wa ovari ulikuwa mgeni tu. Mzazi alikuwa kidole tumbo. Kwa mpasuaji, hilo lina maana ya papo hapo. Anayefungua tumbo la mwanamke, akakuta ovari kubwa na ute kila mahali, akatoa ovari na kufunga, ameacha chanzo ndani.

Tiba nayo ilibadilika. Mwaka 1980 John Spratt na wenzake wa Louisville, Kentucky, walitangaza kuwa wamemzungushia mgonjwa wa ugonjwa huu dawa ya saratani iliyopashwa moto ndani ya tumbo. Paul Sugarbaker wa Washington akaijenga njia hiyo hadi ikawa upasuaji unaoweza kuchukua saa kumi: kung'oa kila utando wenye ute, kutoa pazia la mafuta, mara nyingi bandama na sehemu ya utumbo mpana, kisha kulijaza tumbo dawa yenye joto la nyuzi 41 hadi 43 kwa saa moja au moja na nusu. Huko Basingstoke, Uingereza, Brendan Moran aliianza kazi hiyo mwaka 1994. Wenye uvimbe mpole waliosafishwa kabisa huishi miaka mingi, wengi zaidi ya kumi. Kabla ya hapo kazi ilikuwa kufungua, kuchota, kufunga, na kumsubiri mgonjwa arudi.

Somo la msingi halihitaji mashine hizo. Kidole tumbo kilichonenepa kwa ute kikitolewa kizima, bila kuchomwa wala kuminywa, mara nyingi habari inaishia hapo. Kikipasuka mikononi mwa mpasuaji, yeye mwenyewe ndiye amesambaza mbegu. Hilo linaweza kufundishwa Vwawa kama linavyofundishwa Vienna, na gharama yake ni subira na jeraha refu kidogo.

Mkoa wa Songwe ulizaliwa mwaka 2016 kwa kukatwa kutoka Mbeya, makao yake Vwawa, na sensa ya 2022 ilihesabu humo watu 1,344,687. Tunduma peke yake ilipita laki mbili, malori yakiwa yamepanga foleni kuelekea Nakonde, upande wa Zambia. Upo sasa uongozi wa afya wa mkoa, ipo hospitali ya rufaa ya mkoa Hasamba, na anayezidiwa hupelekwa Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, safari inayozidi kidogo kilomita 100 kutoka Tunduma. Mionzi na dawa za saratani ni kazi ambayo kwa miaka mingi ilikuwa ya Ocean Road, Dar es Salaam, katika hospitali iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1897.

Nchi za Ulaya zilizohesabu kwa makini hupata mgonjwa mpya mmoja hadi wanne wa tumbo la ute kwa kila watu milioni moja kwa mwaka. Ikiwa miili ya watu wa Songwe haitofautiani na ya wengine, basi mkoa huu una mgonjwa mmoja, pengine wanne au watano, kila mwaka, na kwa zaidi ya miaka sitini tangu madaktari wasaidizi wa kwanza waingie darasani wamekuwa wakipita katika wodi zile. Wameandikwa. Mmoja yuko kwenye safu ya ini, mwingine saratani ya ovari, mwingine kifua kikuu cha tumbo kisichosikia dawa, mwingine ngiri iliyorudi. Na yuko ambaye karatasi yake ya wodini inasema tu kwamba tumbo lilijaa, sindano ilichomwa mara mbili, na ndugu wakaomba ruhusa wampeleke kwa mganga ng'ambo ya mpaka.